Kazimoto na Manase: Kukosana si kukosewa

Mwalimu mmoja wa shule ya upili huko Bahati, hapa Kaunti ya Nakuru, ameniandikia akiuliza swali ambalo nimelisikia kwa sura mbalimbali kwa miaka mingi. Yeye na wanachama wa chama cha Kiswahili shuleni mwake wamekuwa wakiisoma riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi. Wanafunzi wote wanakubali kwamba Kazimoto na Manase, marafiki wa tangu utotoni, wana mgogoro mkubwa. Ila akiwataka wamwonyeshe ukurasa ambapo marafiki hao wanakosana, kila mmoja anafungua mahali pake. “Prof,” anauliza, “hawa watu wawili walikosana lini hasa?”

Jibu langu fupi ni kwamba ukurasa huo haupatikani kwa sababu kitenzi kinachotumiwa kuutafuta hakifai. Jibu refu ndilo mada ya leo. Naomba mpenzi wa Kiswahili anivumilie nianze na sarufi kabla ya fasihi, maana katika suala hili sarufi ndiyo itakayotufungulia mlango wa riwaya. Na sisi tunaoishi Nakuru, Molo, Njoro na Naivasha tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili, ambayo nitaifikia baadaye.

Chukua kitenzi kosa. Katika kauli ya kutendea tunapata kosea: Juma amemkosea Ali. Hapa mambo ni wazi kama mchana. Juma ametenda, Ali ametendewa. Tukitaka kumtanguliza Ali tunasema: Ali amekosewa na Juma. Mpangilio umebadilika lakini ukweli ni uleule. Katika kauli ya kutendeana tunapata koseana: Juma na Ali wamekoseana, yaani kila mmoja amemtendea mwenzake kosa lake. Hata hapa tunaweza kuhesabu. Makosa ni mawili na wenyewe ni wawili.

Kisha kuna kosana. Juma na Ali wamekosana. Nani alifanya nini? Hatujui. Kitenzi hiki kinatuambia tu kwamba uhusiano umeharibika na kwamba watu wawili wamo ndani yake. Hakimtaji mtenda wala mtendewa. Ndiyo maana mtu asiyetaka kuulizwa maswali mengi hukipenda sana: “Ah, mimi na yeye tulikosana tu.” Hilo “tu” la mwishoni ni kama kufuli juu ya mlango ambao tayari umefungwa.

Sisemi kwamba kosana ni neno baya. Yapo mambo mengi kati ya marafiki ambayo hayana mwanzo unaojulikana: maneno madogo madogo, deni lililochelewa, mwaliko uliosahaulika. Katika hali hiyo kosana ndicho kitenzi cha haki, kwa kuwa kila mtu ana sehemu yake. Shida huanza pale ambapo mtenda yupo, mtendewa yupo, kisha sisi tunawafunika wote kwa blanketi moja la -ana.

Sasa turudi kwenye riwaya. Kichwamaji ilichapishwa mwaka wa 1974, miaka mitatu baada ya Rosa Mistika. Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Msimulizi ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu. Manase ni mwenzake wa utotoni ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya. Manase anampa mimba Rukia, dadake Kazimoto, na Rukia anafariki. Kazimoto anaazimia kulipiza kisasi kwa kumtumia Sabina, dadake Manase, lakini anaishia kumpenda na kumwoa. Manase naye amemwoa Salima. Ndoa zote mbili zinapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kilichojaa maji, na asili ya balaa hilo ni ugonjwa ambao baba hao waliuchuma katika starehe zao za awali. Kazimoto anajiua.

Wahakiki wengi huisoma riwaya hii kwa miwani ya udhanaishi: maisha hayana maana iliyo wazi, msomi amejitenga na jamii yake, mauti yanamngoja. Usomaji huo una mashiko na sina nia ya kuupinga. Ninachotaka kufanya leo ni kitu kidogo zaidi. Nataka tuufuate mgogoro wa marafiki hawa kwa kuuliza, katika kila hatua, kauli ya kitenzi inayoufaa ni ipi.

Hatua ya kwanza ni ofisini. Mapema katika riwaya Kazimoto anakwenda kumwona Manase na anakuta kwamba lazima angoje. Tuiangalie hali hiyo kisarufi. Kazimoto anangoja. Manase anangojwa. Ukitaka kuwa mkali zaidi, Kazimoto anangojeshwa. Kinachokosekana ni ngojana. Watoto wawili wanaokwenda mtoni au shuleni pamoja hungojana: wewe ukichelewa leo nakungoja, nami nikichelewa kesho unaningoja. Huo ndio urafiki wa utotoni. Cheo kinapoingia kati yao, -ana inang’oka na mahali pake inaingia -wa. Hakuna aliyemtukana mwenzake wala kumpiga, na hakuna ukurasa ambao mwanafunzi anaweza kuukunja na kusema “hapa ndipo”. Lakini marafiki ambao mmoja wao hungoja tu na mwingine hungojwa tu wameshaacha kuwa marafiki, hata kama bado wanaitana kwa majina ya utotoni.

Hatua ya pili ni Rukia. Manase alimpa mimba Rukia. Hiki ni kitenzi cha kutenda, chenye mtenda mmoja. Rukia alipewa mimba. Manase ni mkubwa mwenye cheo. Rukia ni dada wa rafiki yake, mtu ambaye kwa desturi zetu Manase alipaswa kumhesabu kama dadake mwenyewe. Kazimoto naye amekosewa kupitia kwa dadake. Ukisoma kwa makini utaona kwamba hapa kuna watu wawili waliokosewa na mkosaji mmoja. Kuita jambo hili “kukosana kwa Kazimoto na Manase” ni kumwondoa Rukia katika hadithi ambayo ilimgharimu uhai wake.

Nakumbuka somo moja nilipokuwa nimewapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi ya kujadili mgogoro wa wahusika hawa. Karibu makundi yote yalianza hivi: “Kazimoto na Manase walikosana kwa sababu ya Rukia.” Binti mmoja aliyetoka Molo, ambaye si msemaji sana darasani, akainua mkono: “Prof, sasa Rukia yeye alikosana na nani?” Darasa likanyamaza. Kisha mvulana mmoja akasema kwa sauti ya chini, “Hakukosana na mtu. Alikosewa.” Nikawaachia ubao wajadiliane wenyewe, na kufikia mwisho wa kipindi hicho walikuwa wameandika upya sentensi zote. Maneno “kwa sababu ya Rukia” yalifutwa ya kwanza, kwa kuwa waligundua kwamba yalikuwa yakimfanya aliyeumizwa aonekane kama chanzo cha ugomvi.

Hatua ya tatu ni kisasi. Lipiza kimetokana na lipa. Maana yake ya ndani ni kumfanya mtu alipe. Swali la msingi ni: alipe nani? Deni ni la Manase. Lakini Kazimoto hamwendei Manase. Anamlenga Sabina. Kisasi hicho, kama kingekamilika kama kilivyopangwa, kingemfanya Sabina alipe deni ambalo hakulikopa, kama vile Rukia alivyolipia starehe ambayo haikuwa yake. Kezilahabi ameipanga hadithi kwa namna ya kikatili: dada kwa dada. Wanaume wawili wana ugomvi, na kila mmoja anafikiria kumfikia mwenzake kupitia kwa mwanamke ambaye hakuulizwa. Kazimoto, aliyekosewa, anakaribia kuwa mkosaji wa aina ileile. Na Sabina, kama Rukia, hakukosana na mtu.

Halafu jambo ambalo Kazimoto hakulipanga linatokea. Anampenda Sabina, naye Sabina anampenda. Wanapendana, wanaoana. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo -ana inapofanya kazi yake kwa uaminifu katika uhusiano mkuu wa riwaya hii. Wote wawili wanatenda na wote wawili wanatendewa. Msomaji anapumua, akidhani kisasi kimekufa na mapenzi yamelifuta deni.

Lakini halijafutwa, na hii ndiyo hatua ya nne. Mtoto anazaliwa, na kichwa chake kinafanana na cha mtoto wa Manase. Nataka tukitazame kitenzi hiki fanana. Watu wawili wakifanana hakuna anayemtenda mwenzake lolote; ni hali inayowakuta wote. Kazimoto na Manase, ambao cheo kiliwatenga, ambao kosa la mmoja liliwafarakanisha, mwishowe wanafanana. Kila mmoja ni baba wa mtoto anayelipia mambo yaliyofanywa kabla hajatungwa mimba. Deni ambalo hakuna mtu mzima aliyekubali kulilipa limeshuka hadi kwa watoto.

Kwa hiyo mgogoro huu haumo katika ukurasa mmoja. Umo katika mnyororo wa vitenzi: kungojeshwa, kupewa mimba, kulipiza, na mwisho kufanana. Anayetafuta mahali walipo-“kosana” atapekua riwaya nzima, kwa kuwa anatafuta tukio la watu wawili waliosimama uso kwa uso, ilhali Kezilahabi ametuandikia kosa la mtu mmoja ambalo halikuitwa kwa jina lake, likazunguka nyumba mbili hadi likawafikia wasiohusika.

Ili tusidhani kwamba -ana ni ya kuogopwa kila mara, hebu tuweke kando ya Kichwamaji riwaya nyingine ya marafiki wawili, hii ya kwetu Kenya: Kufa Kuzikana ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 2003. Ni sadfa ya huzuni kwamba Kezilahabi na Walibora walituacha mwaka mmoja, 2020, wa kwanza Januari na wa pili Aprili. Katika Kufa Kuzikana marafiki ni Akida na Tim, na jamii wanazotoka, Wakorosho na Wakanju, zina uhasama wa kikabila. Sikiliza majina hayo. Mkorosho na mkanju ni mti uleule mmoja ambao watu wa Kilifi na Kwale wanaujua vizuri. Mwandishi amewapa mahasimu majina mawili ya mti mmoja, na mwenye kamusi akaelewa.

Na jina la riwaya je? Tunasema “rafiki wa kufa kuzikana” bila kufikiri. Ukilichukua neno zikana kwa maana ya kawaida ya kutendana, halina mantiki: watu wawili hawawezi kuzikana, kwa sababu anayezikwa hawezi kushika jembe. Maana yake ni ya ahadi. Nani atatangulia hatujui, lakini yule atakayebaki atamfanyia mwenzake lile la mwisho. Hii ni -ana ya zamu. Inakubali kwamba wakati wowote ule mmoja atakuwa ametenda na mwingine ametendewa, na haimfichi yeyote. Urafiki wa Kazimoto na Manase ulikosa hasa hiyo -ana ya zamu.

Sasa niifikie ile sababu yetu sisi wa Bonde la Ufa.

Katika sehemu hizi tumeishi na neno mapigano kwa zaidi ya miaka 30. Mapigano ya Molo na Olenguruone ya 1992. Mapigano ya Njoro ya Januari 1998. Watu wa kawaida husema “wakati wa klashi”, na kila mtu anajua ni klashi zipi. Mwaka wa 1998 iliundwa tume ya Jaji Akilano Akiwumi kuchunguza mapigano ya kikabila yaliyotokea tangu 1991. Kisha likaja lile la baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, lililofika mjini Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari 2008, uwanja wetu wa maonyesho ya kilimo ukageuka kambi ya wakimbizi wa ndani. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini.

Tazama umbo la neno: pigana, mapigano. Ile -an- ya kutendana imo ndani ya nomino yenyewe. Tunaposema “jamii zilipigana”, sarufi imeshatoa hukumu kabla ya shahidi wa kwanza kusimama: wote walipiga, wote walipigwa, basi wote wako sawa. Lakini muulize mama aliyetoroka usiku na watoto akaacha nyumba ikiwaka. Hasemi “tulipigana”. Anasema “tulichomewa nyumba”, “tulifukuzwa”. Yeye ametumia kauli ya kutendewa na ya kutendwa. Amejitaja kama mtendewa, na ni haki yake. Hata hivyo, sentensi yake nayo ina pengo: mtenda hayumo. Mara nyingi anamjua. Anaweza kuwa mtu aliyekuwa akinunua maziwa kwake, au mtu aliyekaa mbali sana na moto huo lakini akautolea pesa. Anaacha kumtaja kwa kuogopa, au kwa sababu kesho watakutana tena sokoni.

Hivyo tuna maficho mawili ya kisarufi. La kwanza ni -ana, inayogawa lawama kwa wote hadi haimwangukii yeyote. La pili ni -wa isiyokuwa na “na fulani” mwishoni mwake, inayomtaja aliyeumia na kumsahau aliyeumiza. Kazi ya tume, ya mahakama, na pia ya mwandishi wa riwaya, ni kuzirudisha sentensi hizo katika kauli ya kutenda: fulani alifanya hivi. Ni kazi ngumu na ya hatari, na si ajabu kwamba mara nyingi huachwa nusu.

Nataka nieleweke vizuri. Sisemi kwamba kila mara kuna upande mmoja wenye kosa na mwingine safi. Yako maeneo ambako watu walikoseana kweli, mwaka huu hawa, mwaka ule wale. Basi tuseme walikoseana, tuhesabu makosa mawili. Wala sisemi kwamba jamii nzima ibebe kosa la watu wachache. Huko ni kurudia kosa la Kazimoto, la kumlenga Sabina kwa kuwa ni wa nyumba ya Manase. Ninachosema ni kwamba kila kosa lina mwenyewe, na lugha yetu ina njia zote za kumtaja. Tusipomtaja, tumechagua kutomtaja.

Na hili lina maana kubwa zaidi tunapofika kwenye kitenzi kinachopendwa sana katika mikutano ya amani: sameheana. Kusameheana kunahitaji kukoseana kuwe kumetangulia. Mtu aliyechomewa nyumba akiambiwa “sasa sameheaneni muishi pamoja”, ana haki ya kuuliza: mimi naomba msamaha wa nini? Kwake yeye kitenzi sahihi ni samehe, na ni yeye atakayekitenda, iwapo na atakapokuwa tayari, baada ya mwenzake kusema kwa kinywa chake, “Nilikukosea.” Kumlazimisha aingie katika -ana ni kumkosea mara ya pili.

Mwaka uleule wa 2008 ilitungwa sheria iliyoanzisha Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Maneno yote mawili yana -ana: utangamano umetokana na tangamana, na uwiano umetokana na wiana. Wengi huelewa uwiano kama usawa au ulinganifu tu. Lakini chini yake kuna kitenzi cha kale wia, yaani kumdai mtu. Mwia ni mdai, mwiwa ni mdaiwa. Kuwiana, kwa asili yake, ni kudaiana. Waliolichagua jina hilo huenda walikuwa wakifikiria ulinganifu, lakini neno lenyewe linakumbuka jambo ambalo Kazimoto na Manase hawakutaka kulisikia: kabla watu hawajawa sawa, ni lazima ijulikane nani anamwia nani.

Kwa walimu na wanafunzi ninapendekeza zoezi moja. Chukueni riwaya yoyote yenye marafiki waliofarakana. Andikeni mgogoro wao kwa sentensi kumi, bila kutumia kitenzi hata kimoja chenye -ana ya kutendana. Kila sentensi iwe na mtenda na mtendewa. Mkimaliza, hesabuni ni mara ngapi kila jina limekaa mwanzoni na mara ngapi limekaa mwishoni. Kisha tafuteni jina ambalo halimo kabisa katika maelezo yenu ya kwanza. Katika Kichwamaji jina hilo aghalabu huwa ni Rukia.